Eastleigh: Kutoka Chumba cha Gesti Hadi Mji wa Maduka



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, wazazi na vijana wetu wa Mitundu, Lilongwe na Dzaleka, safari hii tuzungumzie historia ya mahali ambapo vijana wengi wanapajua kwa picha tu. Kwenye simu zao wana picha za jengo la maduka liitwalo BBS, yaani Business Bay Square, lililoko mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi. Wanaona ngazi za umeme, vioo kila upande, maduka ya abaya, dhahabu na manukato, migahawa na sehemu za kuchezea watoto. Wanaona familia za Kiislamu zimevaa vizuri siku ya Idd, zinatembea humo kama vile zimekwenda Dubai.

Ukimuuliza kijana nani aliyeanzisha mambo haya, atakujibu kuwa ni matajiri wakubwa. Jibu hilo si la uongo kabisa, lakini limeanzia mwisho wa hadithi. Mwanzo wake ni vyumba vya kulala vya gesti moja, na wakimbizi ambao mchana walitandika nguo za kuuza juu ya kitanda, usiku wakaziondoa ili wapate pa kulala. Historia hii inatuhusu sisi kuliko watu wengi, na ndiyo maana nimeona tuisome pamoja.

Muhajir aliyeuliza soko liko wapi

Kabla hatujafika Nairobi, tupite Madina. Wanafunzi wa madrasa wanakijua kisa cha Abdur-Rahman bin Auf (r.a.). Alihama Makka akaacha mali yake nyuma. Alipofika Madina, Mtume (s.a.w.) alimuunganisha kwa udugu na Saad bin Rabii (r.a.), mmoja wa Ansari wenye mali. Saad alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdur-Rahman alimuombea baraka ndugu yake huyo, kisha akaomba aonyeshwe tu soko liko wapi. Akaanza na biashara ndogo ya samli na jibini kavu, na baada ya muda akawa miongoni mwa Masahaba wenye uwezo mkubwa, na mtoaji mkubwa wa sadaka.

Katika kisa hiki kuna watu wawili, na mara nyingi tunamtaja mmoja tu. Tunamsifu muhajir kwa juhudi zake, na ni haki yake. Lakini yuko pia mwenyeji aliyefungua mlango, na lipo soko ambalo mgeni aliruhusiwa kuingia. Bila mwenyeji na bila soko, juhudi za muhajir zingeishia wapi? Tuliweke swali hili moyoni, tutalihitaji mbele.

Eastleigh ya zamani

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli ya Waingereza iliyotoka Mombasa kwenda Uganda. Utawala wa kikoloni uliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walichukua sehemu za juu zenye hewa nzuri, Waafrika wakasukumiwa mashariki, na Wahindi wakawekwa katikati. Eastleigh, iliyopewa jina hilo mwaka 1921, ilikuwa mtaa wa Waasia na wa Wasomali. Kwa hiyo Wasomali si wageni wa jana pale. Walikuwepo tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni, wengine wakiwa wafanyabiashara wa mifugo na wengine askari wa zamani.

Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963 Waasia wengi walihama polepole kwenda mitaa mingine kama Parklands, na Waafrika wa makabila mbalimbali wakanunua au kupanga nyumba zao. Mpaka miaka ya 1980 Eastleigh ulikuwa mtaa wa kawaida wa watu wa kipato cha chini na cha kati. Kulikuwa na nyumba za ghorofa chache, maduka madogo ya chini, na gesti za wasafiri wanaotoka kaskazini mashariki ya Kenya, upande wa Garissa, Wajir na Mandera. Msafiri akishuka kwenye basi anatafuta mahali ambapo lugha yake inaeleweka na chakula chake kinapikwa.

Tusidhani kuwa maisha ya Wasomali wa Kenya yalikuwa rahisi. Mwaka 1989 serikali iliwapitisha raia wake wenye asili ya Kisomali kwenye mchujo maalumu, wakatakiwa kuthibitisha kuwa ni Wakenya, na waliopita wakapewa kadi ya pili zaidi ya kitambulisho cha kawaida. Raia wa kabila jingine hakutakiwa kuwa na kadi hiyo. Kwa hiyo hata kabla wakimbizi hawajaingia kwa wingi, jina la Msomali lilikuwa tayari limewekewa alama ya kuuliza.

Garissa Lodge

Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka mjini Mogadishu, na Somalia ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Kenya. Kambi za Dadaab zilianzishwa kuanzia mwaka huo huo wa 1991, na Kakuma ikafuata mwaka 1992. Wengi walibaki kambini. Lakini wengine, hasa waliokuwa watu wa mjini na wafanyabiashara, walikwenda Nairobi kwa jamaa zao, na mtaa waliokuwa na jamaa ndani yake ulikuwa Eastleigh.

Miongoni mwa gesti za mtaa huo ilikuwepo iliyoitwa Garissa Lodge. Wapangaji wake walikuwa na chumba kimoja tu, na mali kidogo waliyookoa au kuletewa na ndugu. Duka la kupanga lilihitaji fedha na leseni ambazo hawakuwa nazo. Basi wakageuza chumba kuwa duka. Mlango ukifunguliwa asubuhi, kitanda kinakuwa meza ya kuuzia nguo, viatu na vitambaa, na ukutani zinatundikwa nguo nyingine. Wengi wa waliofanya biashara hiyo walikuwa akina mama. Baadhi yao walikuwa wameachwa na vita wakiwa ndio walezi pekee wa watoto.

Wateja walikuja kwa sababu moja rahisi, nayo ni bei. Habari zikaenea mjini kuwa kuna gesti ambako nguo za kutoka nje zinauzwa nafuu kuliko madukani. Chumba kimoja kikawa viwili, vikawa kumi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaonekana wazi kwamba vyumba vile vina faida zaidi vikiwa maduka kuliko vikilaliwa na wasafiri. Gesti ikawa jengo la maduka. Wenye nyumba wengine wakaangalia, wakahesabu, wakafuata. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa utaratibu wa Eastleigh: jengo moja, korido nyembamba, na vyumba vidogo vidogo vya biashara vimepangana kama masega ya nyuki.

Biashara iliendeshwaje?

Vijana wanaosoma biashara shuleni wazingatie hapa, kwa sababu watu wengi hudhani kulikuwa na siri fulani. Mambo yalikuwa manne, na yote yanaeleweka.

La kwanza ni bidhaa. Katika miaka hiyo ya mwanzo wa 1990 Kenya ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Wafanyabiashara wa Eastleigh walikuwa na jamaa Dubai na sehemu nyingine za Ghuba, kwa sababu Wasomali walikuwa wametawanyika huko tangu zamani kwa kazi na biashara. Aliyeko Dubai ananunua kwa jumla, aliyeko Nairobi anauza. Baadaye mkono ukafika mpaka China. Wanunuzi nao hawakuwa wa Nairobi peke yake. Walitoka Uganda, Tanzania, Rwanda na mashariki ya Congo, na hata leo nguo nyingi za sokoni katika ukanda wetu zimepita Eastleigh.

La pili ni hawala. Mtu anampa wakala fedha Nairobi, wakala anamjulisha mwenzake wa Dubai, na yule wa Dubai anamlipa mwenye bidhaa siku hiyo hiyo. Mawakala wanamaliza hesabu zao wenyewe baadaye. Hawala ni muamala unaojulikana katika fiqhi yetu tangu karne za mwanzo, na msingi wake ni uaminifu. Moja ya kampuni kubwa za Kisomali za kazi hii, Dahabshiil, ilianza mwaka 1970. Somalia ilipobaki bila serikali wala benki, njia hii ndiyo iliyolisha familia.

La tatu ni kuchangiana. Wasomali wanaita ayuuto, au hagbad. Wakongomani wenzetu wanaita likelemba, Watanzania wanaita upatu, na Wamalawi wana benki zao za vijijini za kuweka na kukopeshana. Kila mwanachama anatoa kiasi kile kile kwa zamu, na kila zamu mmoja anachukua chote. Mtu aliyekataliwa mkopo na benki kwa kukosa karatasi anapata mtaji bila riba, na dhamana yake ni jina lake tu. Haba na haba hujaza kibaba.

La nne ni kilemba. Mwenye kiwanja anayetaka kujenga jengo la maduka huwaita wafanyabiashara kabla ujenzi haujaisha. Kila anayetaka chumba hulipa fedha nyingi za mwanzo, na fedha hizo zinasaidia kumaliza jengo. Baada ya hapo analipa kodi ya mwezi. Kwa njia hii maghorofa mengi yamejengwa kwa fedha za wapangaji wenyewe na za washirika, bila kutegemea sana mikopo ya riba. Benki za Kiislamu zilikuja Kenya baadaye, mnamo miaka ya 2007 na 2008, wakati Eastleigh ilikuwa tayari imekwisha simama.

Tuongeze jambo la tano ambalo wasifiaji wa Eastleigh hulisahau. Wakimbizi hawakufanya haya peke yao. Walikuwa na Wasomali wa Kenya, raia wenye vitambulisho, ambao waliweza kupata leseni, kununua ardhi, kufungua akaunti na kwenda mahakamani. Walikuwa pia na Wakenya wa makabila mengine waliowapangisha nyumba, waliowajengea, waliobeba mizigo yao na walionunua kwao. Mkimbizi alileta bidii na jamaa wa ng'ambo. Mwenyeji alileta karatasi na mlango. Hapa tunarudi kwa Saad na Abdur-Rahman.

Baba wa mall naye alikuwa mkimbizi

Majengo ya maduka yenye paa moja tunayoyaita mall, watu hudhani ni uvumbuzi wa Wamarekani matajiri. Sivyo kabisa. Istanbul, baada ya Sultan Mehmed wa Pili kuuteka mji huo mwaka 1453, ulianza ujenzi wa soko kubwa la kufunikwa, Kapalıçarşı. Jengo lake la kwanza lilianzishwa mwaka 1455, na mapato yake yaliwekwa waqfu kwa ajili ya msikiti wa Aya Sofia. Soko hilo lipo mpaka leo. Maana yake ni kwamba kodi ya duka la vitambaa ilikuwa inatengeneza paa la msikiti. Hii ni fikra ambayo kamati zetu za misikiti zingeitazama vizuri.

Ama mall ya kisasa, yenye kufungwa pande zote na kupoozwa hewa, ya kwanza inatajwa kuwa Southdale, iliyofunguliwa mwaka 1956 huko Edina, Minnesota, nchini Marekani. Mchoraji wake aliitwa Victor Gruen. Alizaliwa Vienna mwaka 1903 katika familia ya Kiyahudi, akakimbilia Marekani mwaka 1938 baada ya Wanazi kuichukua Austria. Aliwaona Wamarekani wakiishi ndani ya magari yao, bila mahali pa kukutana, na alitaka kuwajengea kitu kama viwanja vya mji wake wa Vienna, ambako watu hutembea, hukaa, huzungumza. Uzeeni alirudi kwao na akayashutumu majengo yaliyoiga kazi yake, kwa sababu yalibakiza maduka na kuacha ile jamii aliyokusudia.

Basi tazameni, ndugu zangu. Mwanzo wa mall ya Marekani yupo mkimbizi, na mwanzo wa mall za Eastleigh wapo wakimbizi. Mtu aliyepoteza mji wake anajua thamani ya mahali pa kukutana kuliko yule ambaye hajawahi kupoteza kitu.

Eastleigh ilipita hatua zake. Kutoka Garissa Lodge, miaka ya 1990 na 2000 yakaja majengo mengine kama Amal Plaza, mpaka yakafika makumi. Barabara kuu ya First Avenue ilikuwa mashuhuri kwa matope na maji machafu, na watu wakanunua dhahabu wakiwa wamekunja suruali. Wafanyabiashara walilalamika miaka mingi kuwa wanalipa kodi na ushuru lakini barabara hawaioni. Barabara ilikuja kutengenezwa baadaye. Kisha katika miaka ya 2020 likaja jengo la BBS, lenye maegesho ya magari, migahawa na michezo ya watoto. Lile ambalo zamani lilikuwa soko la kukimbilia bei likawa pia mahali pa familia kwenda kupumzika.

Siku za mtihani

Historia ya mtaa huu haikwenda kwa kupanda tu. Mwezi wa Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia kupigana na al-Shabaab. Mabomu na maguruneti yakaanza kulipuka Nairobi, na Eastleigh yenyewe haikusalimika. Novemba 18, 2012 basi dogo la abiria lililipuliwa pale, watu wakafa, na vijana wenye hasira wakawashambulia Wasomali na maduka yao. Desemba 7 mwaka huo huo guruneti lilirushwa karibu na msikiti, na mbunge wa eneo hilo, Yusuf Hassan, alijeruhiwa vibaya. Yaani waliokuwa wakishukiwa ndio hao hao waliokuwa wakilipuliwa.

Septemba 21, 2013 magaidi waliingia Westgate, jengo la maduka la watu wenye uwezo katika mtaa wa Westlands, Nairobi. Watu 67 waliuawa, wakiwemo watoto na wakiwemo Waislamu. Waliwauliza watu maswali ya dini ili wachague wa kumuua. Viongozi wa Waislamu wa Kenya walililaani jambo hilo, na dini yetu iko wazi juu yake: kuua nafsi moja isiyo na hatia ni kama kuua watu wote. Vijana wajue pia kwamba mmoja wa waliosifiwa siku hiyo kwa kuingia ndani na kuokoa watu ni Muislamu wa Kisomali, Abdul Haji, ambaye baadaye, mwaka 2021, alikuwa seneta wa Garissa.

Lakini bili ya Westgate na ya mashambulizi mengine ililetwa Eastleigh. Mwezi wa Machi 2014 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini Dadaab na Kakuma. Ilikwisha kutoa amri kama hiyo Desemba 2012, na Mahakama Kuu ilikuwa imeibatilisha Julai 2013. Mwezi wa Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch. Polisi waliingia nyumba kwa nyumba usiku, maelfu ya watu wakakamatwa, na wengi wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kuhakikiwa. Walikuwemo raia wa Kenya, walikuwemo wakimbizi wenye karatasi halali, walikuwemo akina mama wenye watoto wachanga. Watu walieleza kuwa walilazimishwa kutoa rushwa ili waachwe. Wafanyabiashara wengine walihamisha mitaji yao nchi nyingine.

Mwaka uliofuata, Aprili 2, 2015, al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Serikali ilifungia kampuni 13 za hawala, kisha ikaziruhusu tena Juni mwaka huo. Kwa muda ule, mama aliyeko Mogadishu ambaye hakuwahi kumjua gaidi yeyote alikosa fedha za unga.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hii ni kweli kwa samaki. Tukiitumia kwa watu tunafanya dhulma, kwa sababu Qur'an inatufundisha kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Serikali ina wajibu wa kulinda raia wake, na hilo hatulipingi. Lakini kulinda ni kumtafuta mwenye kosa, na mtaa mzima hauwezi kuwa mwenye kosa.

Eastleigh haikufa. Waliobaki walifungua milango, waliohama wengine walirudi. Miaka ilivyosonga, fikra nazo zilianza kubadilika. Mwaka 2021 Kenya ilipitisha sheria mpya ya wakimbizi, na Machi 2025 ikazindua mpango uitwao Shirika, wenye lengo la kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa miji ambayo wakimbizi na wenyeji wanaishi na kufanya kazi pamoja. Utekelezaji ni jambo la kusubiri, lakini kauli yenyewe ni tofauti sana na ile ya mwaka 2014.

Na sisi huku Malawi?

Hapa ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize kwa makini.

Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Rais Kamuzu Banda, na mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu elfu 10 hadi 12. Leo wamezidi elfu 50, wengi kutoka Congo, Burundi na Rwanda. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake, yakiwemo ya kazi na ya kuishi nje ya kambi. Miaka mingi serikali ilifumba macho, na ndugu zetu wakafungua maduka Lilongwe na katika masoko ya vijijini. Mwaka 2021 ikatoka amri ya kurudi kambini. Mwaka 2023 amri ikarudiwa, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakusanya watu. Maduka yakafungwa, watoto wakakatishwa shule, na familia zikafika kambini ambako hapakuwa na nyumba za kuwatosha.

Anayeijua historia ya Lilongwe haoni ajabu. Miaka ya 1970, serikali ya Banda iliwaondoa wafanyabiashara wenye asili ya Asia kutoka vijijini, wakatakiwa kufanya biashara katika miji ya Blantyre, Lilongwe na Zomba tu. Sababu iliyotolewa ni kwamba Mwafrika wa kijijini apate nafasi ya kufungua duka lake. Lilongwe ikawa mji mkuu mwaka 1975, na maduka ya Old Town yakaendelea kukua. Leo Mmalawi anakwenda Area 2 kununua vitambaa bila kukumbuka kuwa baadhi ya wenye maduka hayo, baba zao waliondolewa vijijini. Swali la nani auze wapi ni la zamani katika nchi hii. Halikuanza na sisi.

Tuseme na upande wa wenyeji. Mmalawi mwenye duka dogo kijijini anayeona mgeni anauza sukari kwa bei ya chini kuliko yake ana haki ya kuwa na wasiwasi. Yeye pia ana watoto. Tukimdharau au tukimcheka, tumemkosea, na tumejiharibia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo methali isemavyo. Methali haikusema mgeni njoo, mwenyeji afilisike.

Kwa hiyo tusiwadanganye watoto wetu kuwa Dzaleka kesho itakuwa Eastleigh kwa juhudi peke yake. Eastleigh ilikuwa na jamaa wenye uraia, ilikuwa na bandari ya Mombasa, ilikuwa na jiji la mamilioni ya wateja, na ilikuwa na mahakama iliyowahi kusema hapana kwa serikali. Sisi nusu ya hayo hatuna. Lakini yapo ya kujifunza ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu.

1. Uaminifu ni mtaji. Hawala na ayuuto zilisimama kwa sababu neno la mtu lilikuwa na thamani. Kijana anayekula fedha za likelemba anaua benki pekee ambayo mama yake anaweza kuitumia.

2. Andika hesabu na tunza karatasi. Mwaka 2014 aliyekuwa na karatasi zake alikuwa na la kusema mbele ya hakimu. Mali isiyo na maandishi haina mtetezi.

3. Shirikiana na mwenyeji kwa haki. Ushirika wa biashara, yaani sharika na mudharaba, umo katika vitabu vyetu vya fiqhi. Mgeni akifanikiwa pamoja na jirani yake, jirani ndiye atakayemsemea siku ya amri.

4. Elimu kwanza. Mtoto anayejua Kichewa, Kiingereza, hesabu na Qur'an anaweza kuhamishwa na polisi akabaki na mali yake yote kichwani.

5. Soko lisitumeze. Eastleigh ina sifa zake na ina aibu zake pia. Kumekuwa na malalamiko ya bidhaa bandia na kukwepa kodi. Wapo wabeba mizigo maskini wanaopita mbele ya dhahabu kila siku bila kuigusa. Vijana wanaokwenda mall kutazama na kutazamwa wakumbuke kuwa waliolianzisha soko lile walikuwa wanatafuta chakula cha watoto, na sala haikuwapita.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Wazazi, baada ya sala ya Maghrib kaeni na watoto muwaulize haya. Katika familia yetu, nani alianza biashara akiwa hana kitu, na alianza vipi? Ni mwenyeji gani aliyetufungulia mlango tulipofika nchi hii, na tumewahi kumshukuru? Kama wewe ungekuwa mwenye duka wa Malawi, ungependa mgeni afanye nini ili usimuogope? Na kama wewe ungekuwa serikali, ungewalindaje raia wako bila kumuonea asiye na kosa?

Watoto wakijibu, wasikilizeni bila kuwakatisha. Majibu yao yatawashangaza.

Tunamuomba Allah (s.w.) ajaalie riziki zetu ziwe za halali, awafariji waliofungiwa maduka yao, awape hekima viongozi wa nchi iliyotupokea, na atufanye wageni wenye kheri kwa wenyeji wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.